Walimu wa Kiswahili kwa Wageni: Asili, Lugha na Nia Zao

1. Utangulizi

Wako watu wanaodhani kwamba kuwafundisha wageni lugha ni kazi inayowezwa na kila mtu aliyezaliwa ndani ya lugha hiyo. Wako pia wanaodhani kinyume cha hayo, yaani kwamba mzawa hufaa kutoa mifano ya matamshi tu, na kwamba ufundishaji wenyewe ni kazi ya mtaalamu aliyeisoma sarufi chuoni. Rai hizi mbili si maneno matupu. Kwa zaidi ya miaka mia moja zimeamua ni nani aitwe mwalimu wa Kiswahili na nani aitwe msaidizi wake, na nani jina lake liandikwe juu ya kitabu.

Makala haya yanakusudia kuchunguza asili ya baadhi ya watu waliowafundisha wageni Kiswahili tangu karne ya 19, lugha walizokuwa nazo kabla ya kazi hiyo, na nia zilizowafikisha hapo. Kutokana na mifano hiyo itaonekana kwamba rai zote mbili zina upungufu. Uzawa peke yake haumfanyi mtu kuwa mwalimu, wala sarufi peke yake haimfanyi. Kinachowaunganisha walimu waliofaulu, wazawa kwa wageni, ni kwamba kila mmoja wao aliwahi kuwa mwanafunzi wa lugha isiyokuwa yake.

2. Wageni waliojifunza kisha wakafundisha

Kundi la kwanza ni la wamisionari. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa Württemberg, alifika Mombasa mwaka 1844. Hakufika akiwa mtu wa lugha moja. Alikuwa amekwisha kukaa Uhabeshi, na huko alijifunza Kiamhara na kuishughulikia lugha ya Waoromo. Mwaka 1850 alichapisha muhtasari wa sarufi ya Kiswahili, na kamusi yake kubwa ikatoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Nia yake ilikuwa wazi: alitaka dini yake ihubiriwe kwa lugha inayoeleweka. Edward Steere, Mwingereza aliyefika Unguja mwaka 1864, alikuwa na nia hiyo hiyo, na kitabu chake cha mafunzo kilichotoka mwaka 1870 kilitumiwa na wageni wa vizazi kadhaa.

Yafaa kuangalia jinsi makazi ya walimu hawa yalivyoathiri mafunzo yao. Krapf alikaa Mombasa, kwa hiyo Kiswahili alichokiandika kina mizizi katika Kimvita. Steere alikaa Unguja, na kitabu chake kikaeneza Kiunguja. Mwanafunzi aliyekuwa Ulaya hakuchagua lahaja. Alichaguliwa na safari ya mwalimu wake.

Alice Werner alikuwa na nia ya namna nyingine. Alizaliwa Trieste mwaka 1859, na baba yake alikuwa mwalimu wa lugha. Utoto wake ulipita katika nchi nyingi, zikiwemo New Zealand na Meksiko, kabla ya jamaa yake kutua Uingereza. Mwaka 1893 alikwenda Nyasaland, nchi inayoitwa Malawi siku hizi, na baadaye akafika Natal, ambako alifanya urafiki na watu waliowatetea Wazulu. Chuo cha taaluma za Mashariki kilipofunguliwa London mwaka 1917, ambacho leo hujulikana kwa jina la SOAS, Werner alikuwa miongoni mwa walimu wake, na tangu mwaka 1921 hadi 1930 alikuwa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu. Mtu aliyehamishwa kutoka lugha hadi lugha tangu utotoni hakuona ajabu kwamba lugha za Kiafrika zinastahili kiti cha chuo kikuu. Wenzake wengi wa zama hizo waliona ajabu.

3. Wazawa waliowafundisha wageni

Nyuma ya kila mgeni aliyekijua Kiswahili vizuri alikuwapo mwalimu mzawa. W. E. Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyesifiwa kwa ujuzi wake wa Kimvita, alifundishwa Mombasa na Mwalimu Sikujua. Kwa msaada wa bingwa huyo alipata pia tungo nyingi za Muyaka bin Haji ambazo pengine zingalipotea. Ijapokuwa Sikujua hakuajiriwa na chuo chochote, ni dhahiri kwamba alikuwa mwalimu wa lugha na fasihi kwa maana kamili ya neno hilo. Wanafunzi wa ushairi wa Mombasa hadi leo wanakula matunda ya masomo yale.

Mfano unaogusa zaidi ni ule wa Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alizaliwa karibu na Bagamoyo, akasoma elimu ya Kiislamu na kufundisha watoto Kurani. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha katika chuo cha lugha za Mashariki, kilichokuwa kimefunguliwa mwaka 1887. Wengi wa wanafunzi wa Kiswahili walikuwa watu waliokuwa wakitayarishwa kwenda kutawala au kufanya biashara katika koloni la Wajerumani. Hivyo nia ya mwalimu na nia ya wanafunzi hazikuwa na asili moja. Mtoro alieleza ndoa, malezi, maradhi, ngoma na maziko ya watu wake. Wanafunzi walitaka maneno ya kuamrishia.

Mwaka 1903 kilichapishwa huko Ujerumani kitabu cha Desturi za Wasuaheli. Sehemu kubwa ya maelezo yake yalitoka kwa Mtoro, lakini jina lililotangulia lilikuwa la Carl Velten, mkuu wake wa kazi. Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani, na alipotaka kurudi kwao mwaka 1905 pamoja na mkewe, serikali ya kikoloni haikuwaruhusu kukaa nchini. Alirudi Ujerumani, na huko Hamburg akafundisha tena kwa cheo cha msaidizi wa lugha. Alifariki Berlin mwaka 1927. Ilipofika mwaka 1981 ndipo tafsiri ya Kiingereza ya kitabu kile, iliyofanywa na J. W. T. Allen, ilipoliweka jina la Mtoro katika anwani yake.

Kwa nini mtu kama huyo aliitwa msaidizi? Haikuwa kwa sababu alikosa elimu, wala kwa sababu alijua lugha moja. Alikuwa na Kiswahili, alikisoma Kiarabu, na alifanya kazi kwa miaka mingi mbele ya wasemaji wa Kijerumani. Aliitwa hivyo kwa sababu ujuzi wake ulihesabiwa kuwa ni maumbile na ujuzi wa mkuu wake ukahesabiwa kuwa ni taaluma.

4. Walimu wa baada ya uhuru

Baada ya uhuru, njia za kufikia kazi hii ziliongezeka. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alifungwa tangu mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa. Alipotoka alikwenda Dar es Salaam kufanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, kisha London katika utangazaji na uhariri, na hatimaye akafundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Leipzig tangu mwaka 1995 hadi 2011. Njia yake ya kufikia darasa la wageni ilipitia gerezani na ugenini. Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Zanzibar, alifikishwa huko na masomo: alipata shahada yake ya udaktari Leipzig, akafundisha Osaka, Ujapani, na baadaye Bayreuth, Ujerumani.

Kwa upande wa wageni, Elena Bertoncini Zúbková aliyetoka Slovakia alifundisha Kiswahili Napoli, Italia, kwa miaka mingi. Kwake yeye, hata Kiitalia alichofundishia kilikuwa lugha ya kujifunza. Kitabu chake cha mafunzo alikiita Kiswahili kwa Furaha. Hapo hapana habari ya kuhubiri wala ya kutawala. Lugha inafundishwa kwa sababu ina fasihi na watu wanaostahili kujulikana.

5. Faida ya lugha nyingi darasani

Je, lugha nyingi humfaidi nini mwalimu? Kwanza, humwonyesha yaliyofichika katika lugha yake mwenyewe. Mzawa husema "nimechoka" bila kufikiri. Mgeni aliyeambiwa kwamba kiambishi -me- huonyesha tendo lililokwisha hudhani kwamba uchovu nao umekwisha. Mwalimu asiyewahi kujifunza lugha nyingine hushangaa kosa limetoka wapi. Aliyewahi kujifunza hutambua mara moja kwamba katika "nimechoka", "amelala" na "wamesimama" jambo lililokwisha ni kuingia katika hali, na hali yenyewe ingali ipo.

Pili, humsaidia kuchagua njia ya kueleza. Mwitalia amezoea kitenzi kinachobeba nafsi ndani yake. Hivyo "ninasema" haimpi taabu kubwa kama inavyompa Mwingereza. Mjerumani amezoea nomino zilizogawanywa katika makundi matatu, na kutokana na hayo anaweza kuongozwa hadi kwenye ngeli, mradi aonyeshwe kwamba katika Kiswahili ngeli hutawala hata kitenzi: kiti kimevunjika, mti umevunjika. Mhabeshi hahitaji kuelezwa kwa nini saa moja ni ya asubuhi baada ya jua kuchomoza, kwa kuwa kwao pia saa huhesabiwa vivyo hivyo.

Tatu, humfundisha kusikia. Mzawa wa Mombasa hutofautisha paa la nyumba na paa wa mwituni kwa pumzi inayotoka pamoja na sauti ya p katika neno la pili. Yeye huisikia tofauti hiyo bila kujua kwamba anaisikia. Mgeni haisikii kabisa. Kati ya hawa wawili, anayeweza kuwa daraja ni yule anayeisikia na ambaye pia anakumbuka siku aliposhindwa kusikia sauti za lugha nyingine.

Jambo hili lawahusu Wakenya kwa namna ya pekee. Tangu mfumo wa elimu wa mwaka 1985 ulipokifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye mtihani katika shule za msingi na za sekondari, mzigo mkubwa wa kukifundisha umechukuliwa na walimu ambao lugha zao za kwanza ni nyingine: Kikamba, Dholuo, Kikuyu, Kinandi na kadhalika. Aghalabu hali hiyo hutajwa kama kasoro. Lakini mwalimu aliyelazimika kuzitenga r na l, au s na sh, anayajua matata ya mwanafunzi kwa ndani. Akiongezewa mafunzo mazuri ya isimu na akakaa na wasemaji wa pwani, anafaa sana kuwafundisha wageni.

6. Hitimisho

Nia za walimu waliotajwa zimetofautiana sana: dini, riziki, uhamisho, elimu na mapenzi ya fasihi. Kila nia iliacha alama katika kilichofundishwa. Hata hivyo, nia pekee haikuamua ubora wa mwalimu. Walioacha kazi ya kudumu ni wale waliovuka kutoka lugha moja kwenda nyingine na wakakumbuka ugumu wa kuvuka.

Siku hizi vijana wa Kenya waliohitimu vyuo vikuu huenda Marekani chini ya mpango wa Fulbright kufundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja wa masomo huku wao wenyewe wakisoma. Cheo chao ni wasaidizi wa ufundishaji. Wengi wao wana lugha tatu au zaidi. Idara za Kiswahili zinazowaandaa zina wajibu wa kuhakikisha kwamba wanaondoka na sarufi ya lugha yao, si ulimi wake tu, ili ujuzi wao usihesabiwe tena kuwa maumbile. Zina wajibu pia wa kuwapokea warudipo na kuyasikiliza maswali waliyoulizwa na wanafunzi wao, kwani humo mna mengi ya kuchunguzwa kuhusu Kiswahili ambayo mzawa aliyebaki nyumbani hakuyaona. Mgeni njoo, mwenyeji apone.