Kupatanisha Rangi ya Pikipiki

I. Pikipiki yenye ndimi za moto

Katika mji wa Goma pikipiki ni nyingi sana. Zinapeleka watu sokoni, zinapeleka wagonjwa hospitalini, zinabeba na mizigo. Waendeshaji wengi hupenda kupamba pikipiki zao, kusudi wateja wazitambue toka mbali.

Mfano ni huu. Mwendeshaji mmoja ana pikipiki nyekundu. Juu ya tangi lake fundi alichora ndimi za moto za rangi ya manjano, akazizungushia mstari mwembamba wa buluu. Miaka minne imepita. Sasa mwenye pikipiki amenunua vipande vitatu: kizuia matope cha mbele, na vifuniko viwili vya ubavuni. Vyote ni vya plastiki nyeusi. Anataka vifanane na tangi.

Kazi hiyo yaonekana kuwa ndogo, lakini sivyo. Rangi isipopatana, kila mtu huona kiraka. Mteja hujiuliza: «Je, pikipiki hii ilianguka? Je, kipande hiki kiliibwa mahali?» Halafu anapanda pikipiki nyingine. Mwenye pikipiki anapoteza mkate wake, na fundi anapoteza jina lake.

II. Rangi ya mkebe si rangi ya tangi

Kijana anayejifunza kazi analeta mkebe wa rangi nyekundu. Anasema: «Mzee, fundi wa kwanza alitumia mkebe kama huu huu. Tupake tu.»

Fundi anajibu: «Weka mkebe chini, mwanangu. Kwanza osha tangi.»

Kijana anaosha tangi kwa maji na sabuni, halafu analisugua kwa dawa ya kung'arisha. Kitambaa chake kinakuwa chekundu. Ngozi ya juu ya rangi ilikuwa imekufa, nayo inatoka. Chini yake rangi ni hai zaidi, lakini bado si sawa na ile ya mkebe. Kwa nini?

Jua ndilo lililoibadilisha. Katika mwanga wa jua mna miali ambayo macho hayaioni. Miali hiyo huvunja polepole chembe zinazotia rangi. Nyekundu nyingi na manjano nyingi hupauka hivyo. Vumbi la mawe ya volkeno nalo hukwaruza, na petroli inayomwagika hula rangi karibu na mfuniko wa tangi. Basi tangi la leo si tangi la miaka minne iliyopita. Kipande kipya lazima kifanane na tangi lilivyo leo.

Ndiyo maana fundi huchanganya rangi yake mwenyewe. Anaanza na nyekundu ya mkebe, anaongeza nyeupe kidogo, halafu manjano kidogo, tone kwa tone. Kila tone analiandika katika daftari. Asipoandika, rangi ikimwishia katikati ya kazi, hataweza kuipata tena.

Kila mchanganyiko anaujaribu juu ya kipande cha bati. Haupimi ukiwa bado majimaji, kwa sababu rangi ikikauka hubadilika. Hungoja ikauke, hupaka na vanishi juu yake, ndipo huliweka bati juu ya tangi na kutazama.

Kuna jambo lingine. Manjano na nyekundu hazifuniki vizuri. Rangi iliyo chini huonekana kupitia kwao, kama vile mkono unavyoonekana nyuma ya kitambaa chepesi. Manjano juu ya nyeupe hung'aa. Manjano ile ile juu ya kijivu huonekana chafu. Kwa hiyo bati la kujaribia lazima lipakwe rangi ya chini ile ile itakayopakwa kwenye kipande, na kwa idadi ile ile ya mipako.

III. Macho hudanganyika

Jioni kijana anafurahi. Chini ya taa, bati na tangi ni sawasawa. Fundi anasema: «Ngoja kesho.» Asubuhi wanatoka nje. Kumbe, bati lina wekundu mwingine!

Sababu yake ni hii. Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi nyingi, kama tunavyoziona katika upinde wa mvua. Isaac Newton, mtaalamu wa Uingereza, alieleza jambo hilo katika kitabu chake kiitwacho Opticks, kilichotolewa mwaka 1704. Kitu chekundu hurudisha machoni petu hasa sehemu nyekundu ya mwanga. Lakini mwanga wa taa haulingani na mwanga wa jua. Taa yenye uzi wa moto, kwa mfano, ina wekundu mwingi na ubuluu mchache. Hivyo rangi mbili zaweza kufanana chini ya taa na kutofautiana chini ya jua.

Fundi mwenye akili hutazama mara tatu: juani, kivulini, na chini ya taa. Tena hutazama akisimama mbele, halafu ubavuni. Afanye hivyo hasa kama rangi ina chembe za alumini zinazometameta, kwa sababu chembe hizo huonekana nyeupe upande mmoja na nyeusi upande mwingine.

IV. Kuchora ndimi za moto

Kwanza plastiki hutayarishwa. Huoshwa vizuri ili mafuta ya kiwandani yatoke, husuguliwa polepole kwa msasa laini, halafu hupakwa rangi ya chini iliyotengenezwa kwa plastiki. Pasipo hiyo, rangi hubanduka kama ganda la kitunguu. Kisha hupakwa nyekundu, nayo huachwa ikauke.

Sasa fundi hachori mezani. Anafunga vipande vyote mahali pake juu ya pikipiki, kisha anarudi nyuma hatua tatu na kutazama. Mstari ulio mzuri mezani waweza kupinda vibaya kipande kikifungwa.

Kifuniko cha ubavuni hakisogei. Kwa hiyo ulimi wa moto waweza kutoka kwenye tangi, kuruka nafasi iliyo katikati, na kuendelea juu ya kifuniko. Lakini kizuia matope hugeuka pamoja na gurudumu, tena hupanda na kushuka barabarani. Mstari wake hauwezi kukutana na mstari wa tangi siku zote. Hapo fundi huchora ulimi mzima, wenye mwanzo na mwisho wake.

Upande wa kuume na upande wa kushoto lazima ulingane. Fundi huchora ulimi mmoja juu ya karatasi nyembamba, na kutoboa vitundu kwa sindano juu ya mstari. Anaiweka karatasi juu ya kipande na kuipigapiga kwa kifuko cha unga wa chaki. Unga hupita vitunduni na kuacha alama. Kwa upande wa pili anaigeuza karatasi ile ile.

Halafu anafuata alama kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Utepe huo ulibuniwa mwaka 1925 huko Marekani na Richard Drew wa kampuni ya 3M. Alikuwa amewaona wapaka rangi wa magari wakihangaika kutenganisha rangi mbili: gundi zao zilipobanduliwa zilitoka na rangi.

Fundi hupaka nyeupe, kisha manjano, na huondoa utepe taratibu kabla rangi haijawa ngumu kabisa. Mwishoni huvuta mstari wa buluu kwa brashi yenye nywele ndefu, kwa mkono mmoja usiosimama njiani. Vanishi hufunika yote.

V. Kulinda uhai

Rangi na vanishi nyingi zinazochanganywa na dawa ya kukazia zina sumu iitwayo isosianati. Mtu akiivuta yaweza kumletea pumu ya maisha yote. Kitambaa kilichofungwa puani hakiizuii. Yatakiwa chombo maalumu cha kupumulia, na mahali penye hewa nyingi. Tena mvuke wa rangi hushika moto upesi: makaa na sigara viwe mbali.

Siku ya tano mwenye pikipiki anafika. Anaizunguka mara mbili, halafu anauliza: «Vipande vipya viko wapi?»

Kijana anamtazama fundi, nao wanacheka. Swali hilo ndilo sifa ya kazi yao.

Maulizo

1. Kwa nini rangi ya mkebe haikufanana na rangi ya tangi?
2. Kwa nini fundi huandika kila tone katika daftari?
3. Kwa nini bati lilionekana zuri jioni, na baya asubuhi?
4. Kwa nini ulimi wa kizuia matope huchorwa peke yake?
5. Tafuta vitambaa viwili vyekundu. Vitazame juani, halafu chini ya taa. Waona nini?