Ukiambiwa una Uvimbe wa Maji kwenye Figo

Siku hizi kipimo cha altrasaundi kimefika katika hospitali nyingi. Mtu huenda kupimwa tumbo kwa sababu nyingine, akarudi nyumbani na karatasi isemayo kwamba figo yake ina uvimbe wenye maji. Nyumba nzima huingiwa na hofu. Wengine hudhani ni saratani, wengine huanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe ili mgonjwa apelekwe mbali akatibiwe kwa leza. Kabla ya kufika huko, tulielewe jambo lenyewe.

Uvimbe huu ni nini?

Figo zetu mbili, kila moja kama ukubwa wa ngumi, huchuja damu na kutoa uchafu kwa njia ya mkojo. Mara nyingine kifuko chenye ukuta mwembamba hujitokeza kwenye figo na kujaa maji. Kifuko cha namna hii huonekana sana kwa watu waliopita miaka 50. Hakiambukizi, na kwa kawaida hakigeuki kuwa saratani. Wengi huishi nacho hadi uzeeni bila kukijua.

Tangu mwaka 1986 madaktari hufuata madaraja yaliyopangwa na Dk. Morton Bosniak wa New York, Marekani. Ukuta ukiwa mwembamba na maji safi, hakuna hatari. Ukuta ukiwa mnene, au kukiwa na nyama ndani, uchunguzi zaidi unahitajika, maana huenda ikawa saratani. Tena, katika sehemu za wafugaji kama Turkana, yapo mafuko yaletwayo na minyoo ya mbwa. Hayo hayatobolewi ovyo, kwani maji yake yakimwagika mwilini yanaweza kuua.

Leza hufanyaje kazi?

Kifuko kisicho na shida hakihitaji tiba. Hutibiwa kikileta maumivu ya kiuno, kikiziba njia ya mkojo au kikipata usaha. Daktari anaweza kunyonya maji kwa sindano na kutia dawa ya kukausha ukuta, kwa sababu maji yakinyonywa tu mara nyingi hurudi. Au hupitisha vifaa katika matundu madogo ubavuni na kukata ukuta wa kifuko.

Leza hufaa hasa kwa kifuko kilicho karibu na katikati ya figo, mahali mkojo unapokusanyika. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi. Daktari hupitisha mrija mwembamba wenye taa na kamera katika njia ya mkojo, kupitia kibofu hadi ndani ya figo. Ngozi haikatwi. Ndani ya mrija hupita uzi mwembamba wa kioo unaobeba mwanga wa leza, ile ile inayovunja mawe ya figo. Mwanga huo hukata ukuta kama kufungua dirisha, na maji ya kifuko hutoka pamoja na mkojo.

Hata hivyo, damu inaweza kutoka, maambukizi yanaweza kuingia, na kifuko kinaweza kurudi. Tena mgonjwa huachiwa mrija laini ndani kwa wiki kadhaa. Usikose kurudi kuutoa! Mrija uliosahauliwa huota mawe na kuharibu figo.

Ugonjwa wa kurithi

Mafuko yakijaa figo zote mbili, huenda ni ugonjwa wa kurithi, na leza haiuponyi. Mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto ana nafasi moja kati ya mbili ya kuupata. Familia ya namna hii ipime shinikizo la damu mara kwa mara, kwani shinikizo lisilotibiwa huharakisha figo kushindwa kazi.

Tufanye nini?

Nenda hospitali upesi ukiona damu katika mkojo (si kila mara ni kichocho), homa pamoja na maumivu ya kiuno, au mkojo kupungua. Usimeze ovyo dawa za maumivu kama diklofenaki, wala miti shamba usiyoijua, maana huweza kuumiza figo.

Ukipewa karatasi ya kipimo, muulize daktari: Kifuko hiki ni cha daraja gani? Kinaziba kitu chochote? Nirudi lini kupimwa? Majibu hayo yatakuonyesha kama kuna haja ya kuuza ng'ombe. Mara nyingi haipo. Mungu awalinde.