SOMO LA 9: MPANGO WA MLO WA JUMA

Katika Darasa la Nne ulijifunza kwamba mwili hutumia chakula kwa kazi tatu: kupata nguvu, kujijenga, na kujilinda na maradhi. Vyakula vya kutia nguvu ni kama mahindi, mchele, ndizi za kupika, viazi na mafuta. Vyakula vya kujenga mwili ni kama maharage, kunde, karanga, maziwa, mayai, dagaa na nyama. Vyakula vya kulinda mwili ni mboga za majani na matunda. Mlo wenye vyakula vya namna zote tatu huitwa mlo kamili.

Kuyajua hayo ni jambo moja. Kuyatimiza nyumbani kila siku ni jambo jingine. Katika somo hili utajifunza jinsi jamaa yenye kazi nyingi na muda mchache inavyoweza kula mlo kamili kwa juma zima.

1. Kwa nini tupange mlo?

Tuchukue mfano wa jamaa ya watu sita wanaokaa Sakina, katika jiji la Arusha. Mama huuza mboga katika Soko la Kilombero, naye huondoka nyumbani kabla jua halijachomoza. Baba ni dereva na hurudi usiku. Bibi ni mzee, hukaa nyumbani. Watoto watatu huenda shule. Jioni ikifika kila mtu amechoka, na swali ni lile lile: Leo tunakula nini?

Jamaa isiyo na mpango hujibu swali hilo kwa kutazama kilichopo. Siku ya kwanza baada ya kwenda sokoni hupikwa nyama nyingi. Siku za mwisho wa juma hubaki ugali na chai ya rangi. Matumbo hushiba, lakini miili haipati vitu vya kuijenga wala vya kuilinda. Mtoto anayekula hivyo kwa muda mrefu hudumaa, huugua mara kwa mara, hupungukiwa damu, na husinzia darasani. Si kwamba fedha hazikuwapo. Fedha zilizonunua nyama ya siku moja zingeweza kugawanywa zikanunua pia maharage, dagaa na mboga za siku nyingine.

Kwa ajili ya kuwafundisha wananchi mambo kama haya, nchi yetu iliunda Taasisi ya Chakula na Lishe kwa sheria ya mwaka 1973.

2. Kanuni nne za kupanga mlo

(a) Tumia vyakula vya mahali ulipo. Udongo wa miteremko ya Mlima Meru umetokana na majivu na mawe ya volkano, nao una rutuba nyingi. Huko hustawi ndizi, mahindi, maharage, viazi, karoti, kabichi, mnavu na parachichi. Siku za Jumatano na Jumamosi wakulima hukusanyika katika soko la Tengeru wakiwa na mazao hayo. Chakula cha msimu huwa kingi, na bei yake hupungua.

(b) Kiharibikacho upesi kiliwe kwanza. Nyama mbichi isiyo katika jokofu ipikwe siku ile ile iliponunuliwa. Mchicha na mnavu hunyauka baada ya siku moja au mbili. Kabichi na karoti hudumu siku kadhaa. Maharage, mchele, unga, karanga na dagaa wakavu hudumu muda mrefu zaidi vikiwekwa mahali pakavu.

(c) Chakula kinachokawia kuiva kipikwe siku yenye nafasi. Makande yafaa siku ya Jumapili, watu wakiwapo nyumbani. Dagaa na mayai, ambavyo huiva upesi, vyafaa siku za kazi.

(d) Vyakula visaidiane. Maharage na mboga za majani vina madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu. Vitamini C iliyomo katika machungwa, mapapai na malimau husaidia mwili kuyafyonza madini hayo. Chai, kinyume chake, huzuia. Kwa hiyo mla maharage na ale chungwa baada ya chakula, na chai aiache hadi baadaye.

3. Kwa nini maharage hukawia kuiva Arusha?

Maharage ni msaada mkubwa kwa jamaa nyingi. Hujenga mwili, bei yake si kubwa, na hayaharibiki upesi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, karibu na jiji la Arusha, kimetoa mbegu bora za maharage kama Selian 94 na Selian 97. Lakini wapishi wengi hulalamika kwamba maharage hula mkaa na muda. Sababu moja iko angani.

Hewa ina uzito. Kule pwani, hewa iliyo juu ya sufuria ni nyingi, nayo huyakandamiza maji. Maji ya Dar es Salaam hutokota yakifikia joto la nyuzi 100 za Selsiasi. Jiji la Arusha liko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapa hewa iliyo juu yetu imepungua, nayo hukandamiza kidogo zaidi. Kwa hiyo maji ya Arusha hutokota mapema, yakiwa na nyuzi 95 hivi tu. Katika vijiji vilivyo juu zaidi mlimani, maji hutokota yakiwa na joto dogo zaidi ya hilo.

Maji yakisha kutokota hayaongezeki joto, hata ukiuchochea moto namna gani. Moto mkali utaongeza mvuke tu na kumaliza mkaa. Maharage ya Arusha, basi, hupikwa kwa joto dogo kuliko maharage ya Dar es Salaam, na kwa sababu hiyo hukawia kuiva. Sufuria ya presha huuzuia mvuke usitoke. Kanieneo ya ndani hupanda, na maji huweza kupita nyuzi 100. Ndiyo maana sufuria hiyo huivisha upesi.

Wasio na sufuria ya presha wanazo njia mbili nyingine.

Njia ya kwanza ni kuloweka. Maharage yakikaa ndani ya maji usiku kucha, maji hupenya ganda na kuingia ndani. Asubuhi punje huwa zimevimba na kulainika. Mwaga maji hayo, uyaoshe, kisha uyapike kwa maji mapya. Muda wa kupika hupungua sana.

Njia ya pili ni kikapu cha kutunza joto. Chukua kikapu kikubwa, ukijaze majani makavu ya migomba, na katikati uache nafasi ya sufuria. Maharage yaliyolowekwa yachemshwe kwanza kwa nusu saa yakitokota barabara. Kisha sufuria, ikiwa imefunikwa vizuri, iingizwe kikapuni na kufunikwa kwa majani mengine na blanketi kuukuu. Maharage huendelea kuiva bila moto. Baada ya muda wa saa tatu au nne yatolewe, yachemshwe tena mpaka yaive kabisa, ndipo yaungwe na kuliwa.

Angalia: Usipunguze ile nusu saa ya kwanza. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuhara. Sumu hiyo huharibiwa na maji yanayotokota, si na maji ya moto tu.

4. Jaribio: Majani makavu hutunza joto

Vifaa: makopo mawili yanayolingana yenye vifuniko, kikapu kidogo, majani makavu ya migomba, maji ya moto, kipimajoto na saa.

Hatua:
(i) Weka kopo moja ndani ya kikapu kilichojazwa majani makavu. Kopo la pili liweke mezani bila kitu.
(ii) Mwalimu atatia maji ya moto yenye kiasi sawa katika kila kopo. Funika makopo yote mawili.
(iii) Pima joto la maji ya kila kopo mara moja, kisha kila baada ya dakika 30, kwa muda wa saa mbili.
(iv) Andika vipimo vyako katika jedwali.

Matokeo: Maji ya kopo la mezani hupoa upesi kuliko maji ya kopo la kikapuni.

Maelezo: Kati ya majani makavu kuna hewa nyingi iliyonaswa. Hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Kitu kisichopitisha joto kwa urahisi huitwa kihami. Blanketi, pamba na manyoya ya kuku ni vihami pia.

5. Tahadhari kuhusu magadi

Watu wengi hutia magadi katika makande na maharage ili yalainike upesi. Ni kweli kwamba magadi hulainisha, lakini yana madhara. Huharibu vitamini B1 iliyomo katika chakula. Tena magadi ya sehemu za kaskazini mwa nchi yetu huweza kuwa na floridi nyingi.

Floridi kidogo huimarisha meno. Ikizidi, meno ya mtoto huota yakiwa na madoa ya kahawia, na ikizidi mno kwa miaka mingi hudhuru hata mifupa. Baadhi ya chemchemi na mito ya kandokando ya Mlima Meru, kama ile ya upande wa Ngarenanyuki, tayari ina floridi nyingi kwa sababu maji yake hupita katika miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi katika kila lita. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi. Katika kituo cha Ngurdoto wataalamu wamechunguza njia ya kuiondoa kwa kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Kwa hiyo mtoto wa sehemu hizo asiongezewe floridi kwa njia ya magadi. Kuloweka hufanya kazi ile ile bila madhara. Na mwenzako mwenye madoa ya namna hiyo usimcheke: si uchafu, wala si uvivu wa kupiga mswaki.

6. Mfano wa mpango

Kwa Kiswahili siku ya kwanza ya juma ni Jumamosi, nayo ni siku ya soko Tengeru. Mpango wetu uanzie hapo. Huu ni mpango wa mlo wa jioni, kwa kuwa wakati huo watu wengi wa nyumba huwapo.

Jumamosi: Ndizi kwa nyama, mnavu, parachichi.
Jumapili: Makande ya mahindi na maharage yenye karoti, mchicha, chungwa.
Jumatatu: Ugali, dagaa wa nyanya, sukuma wiki, ndizi mbivu.
Jumanne: Wali, maharage ya kikapuni, kabichi, papai.
Jumatano: Ugali, mayai, mnavu mpya kutoka sokoni, parachichi.
Alhamisi: Viazi vitamu, maharage, karoti na kabichi, chungwa.
Ijumaa: Ugali, maziwa mgando, mchicha wa karanga, papai.

Tazama jinsi mpango huu unavyofuata kanuni zetu. Nyama huliwa siku iliponunuliwa. Mboga laini hutangulia, na kabichi hungoja. Hakuna siku isiyo na chakula cha kujenga mwili.

Mpango hurahisisha pia manunuzi. Maharage huliwa mara tatu. Ikiwa watu sita hutosheka na nusu kilo ya maharage makavu kwa mlo mmoja, jamaa itanunua kilo 1½. Ugali huliwa mara tatu. Kwa kilo moja ya unga kila mara, zitatakiwa kilo 3. Mama haendi sokoni kwa kubahatisha.

Mwisho, mpango hugawa kazi. Jumatatu usiku mtoto mmoja, wa kiume au wa kike, huchagua maharage na kuyaloweka. Jumanne saa saba mchana bibi huyachemsha na kuyaweka kikapuni, kisha hupumzika. Baba akiwahi kurudi huosha na kukata mboga. Mama akifika hukuta kazi iliyobaki ni ya muda mfupi.

7. Usalama jikoni

Osha mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula. Osha mboga kabla ya kuzikata, na uzipike kwa muda mfupi, maana maji mengi na moto mwingi hupoteza vitamini C.

Chakula kilichopikwa kisiachwe mahali penye joto kwa zaidi ya saa mbili, kwani bakteria huongezeka upesi. Kama hakuna jokofu, pika kiasi cha kutosha mlo mmoja.

Wakati wa baridi ya Juni na Julai, watu wengine huacha maharage usiku kucha juu ya jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa, ili yaive na chumba kipate joto. Usifanye hivyo kamwe. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na anayeivuta akiwa usingizini huweza kufa bila kuamka. Jiko la mkaa hukaa nje.

Muhtasari

Mlo uliopangwa huipa kila siku chakula cha kutia nguvu, cha kujenga na cha kulinda mwili. Maji ya Arusha hutokota kwa nyuzi 95 hivi, kwa hiyo maharage hukawia kuiva. Kuloweka na kikapu cha kutunza joto huokoa muda na mkaa bila kutumia magadi.

Maswali

1. Taja kanuni nne za kupanga mlo.
2. Kwa nini maji hutokota mapema zaidi Arusha kuliko Dar es Salaam?
3. Eleza kwa nini majani makavu ya migomba hutunza joto.
4. Je, kuchemsha maji huondoa floridi? Eleza.
5. Jamaa moja hula maharage mara nne kwa juma, nusu kilo kila mara. Itanunua kilo ngapi kwa majuma mawili?

Kazi ya nyumbani

Pima gramu 100 za maharage makavu, uyaloweke usiku kucha, kisha uyachuje na kuyapima tena. Yameongezeka gramu ngapi? Halafu, pamoja na wazazi au walezi wako, andika mpango wa mlo wa jioni wa juma lijalo, ukitumia vyakula vinavyopatikana mahali unapokaa.