Mzazi, soma lebo kabla ya kumpimia mtoto dawa ya homa

Ni saa sita usiku, mwanao anachemka kwa homa. Chupa ya parasetamoli uliyoizoea imekwisha, na duka la dawa limekupa ya aina nyingine. Je, umpe kiasi kilekile? Hapana. Soma lebo kwanza.

Chupa mbili za dawa ileile zinaweza kutofautiana nguvu. Moja huandikwa miligramu 120 kwa kila mililita 5, nyingine miligramu 250 kwa mililita 5 hizohizo. Miligramu ni kiasi cha dawa yenyewe. Mililita ni majimaji unayompa mtoto anywe.

Kipimo hutegemea uzito. Kwa kawaida ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa dozi moja. Tuseme mtoto ana kilo 12 na daktari amemwandikia miligramu 15 kwa kilo. Zidisha 12 kwa 15, unapata miligramu 180.

Hapo inakuja hesabu ya uwiano uliyofundishwa shule ya msingi. Ikiwa miligramu 120 zimo katika mililita 5, miligramu 180 zimo katika mililita ngapi? Zidisha 180 kwa 5, kisha gawanya kwa 120. Jibu ni mililita 7.5.

Kwa chupa ya pili, gawanya kwa 250. Jibu ni mililita 3.6 tu. Ukimpa 7.5 kwa mazoea, atameza miligramu 375, zaidi ya mara mbili ya kipimo chake. Parasetamoli ikizidi inaweza kuharibu ini, na mwanzoni mtoto anaweza kuonekana hana tatizo.

Usipime kwa kijiko cha jikoni, kwani vijiko havilingani. Tumia kikombe chenye alama au bomba la sindano lisilo na sindano. Acha saa 4 hadi 6 kati ya dozi, zisizidi dozi 4 kwa saa 24, na uandike saa uliyompa.

Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye homa apelekwe hospitali mara moja. Ukishuku umezidisha dawa, usisubiri dalili. Nenda na chupa yako.

Na kama hesabu inakuchanganya, usione haya. Mwulize mfamasia: "Mwanangu ana kilo hizi, kwa chupa hii, nimpe mililita ngapi?"