Hesabu ya Ini

Mgonjwa wa ini anapotolewa Pweto, penye ncha ya kaskazini ya Ziwa Mweru ambapo mto Luvua unaanza safari yake, akapelekwa Lubumbashi kwa njia ya Kilwa na Kasenga, aghalabu jamaa zake hawana ila swali moja: je, atafika, na akifika ataishi? Macho yamekwisha kuwa manjano, tumbo limejaa maji, na nauli imekopwa. Kwa hiyo kuijua mapema hali ya ini ni haja kubwa ya kila mwenye kuamua leo asafirishwe nani.

Wengi hudhani kwamba kadiri vimeng'enya vya ini vinavyopanda katika damu, ndivyo mauti yanavyokaribia. Sivyo, vimeng'enya hivyo huvuja kutoka katika chembe zilizojeruhiwa, na huweza hata kushuka kwa sababu chembe za kuvuja zimekwisha. Linalotabiri ni kazi ambayo ini limeshindwa kuitenda, na hiyo hupimwa kwa mambo matatu: bilirubini, yaani rangi ya manjano itokanayo na chembe nyekundu zilizochakaa, ambayo ini hupaswa kuitoa pamoja na nyongo, muda wa damu kuganda, na kreatinini, ambayo ikizidi hudhihirisha kwamba figo nazo zimeanza kulemewa.

Katika hayo matatu, kuganda kwa damu kwastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Maabarani huchukuliwa majimaji ya damu, yakatiwa dawa ya kuyagandisha katika joto la nyuzi 37, kisha zikahesabiwa sekunde hadi yagande, nazo kwa mtu mzima wa afya ni kama 12 hivi. Protini za kugandisha hutengenezwa na ini, na mojawapo, ile ya saba, hupungua nusu kwa muda wa saa 6 hivi, ilhali albumini, iliyo kazi ya ini hilo hilo, huchukua karibu wiki tatu. Basi albumini husimulia habari za mwezi uliopita, na kuganda kwa damu husema habari za leo. Hata hivyo tabibu mwenye busara hatoi hukumu kabla ya kumdunga mgonjwa vitamini K, kwani njia ya nyongo ikizibwa na jiwe, vitamini hiyo haisharabiwi matumboni. Damu ikiganda sawasawa baada ya sindano, ini lingali na nguvu, na kasoro imo katika mfereji.

Mwaka 2000 wataalamu wa Mayo Clinic, Marekani, waliowachunguza wagonjwa 231 waliotiwa mrija ndani ya ini ili kupunguza kani ya damu, waliweka msingi wa hesabu iitwayo MELD, ambayo huviunganisha vipimo hivyo vitatu kwa daraja za 6 hadi 40; na tangu Februari 2002 ndiyo iliyopanga nchini humo nani atangulie kupata ini la kupandikizwa. Mwenye bilirubini ya miligramu 3 kwa desilita, kuganda kwa mara moja na nusu ya muda wa kawaida, na kreatinini 1, hupata 15; zikiwa 10, 2 na 2, hupata 30. Miongoni mwa waliokuwa wakingojea ini huko, wenye daraja la 10 hadi 19 walikufa 6 katika kila 100 ndani ya miezi mitatu. Wenye 30 hadi 39 walikufa zaidi ya nusu.

Lakini hesabu hii huzungumza juu ya kundi, wala haiijui ajali ya mtu mmoja. Kreatinini iliyopandishwa na kutapika au na dawa za kukojoza huweza kushushwa kwa maji ya mshipani, na daraja likashuka nayo. Na mwanamke, kwa uchache wa misuli, ambamo kreatinini hutoka, huonekana mwenye figo nzima kuliko zilivyo kweli, ndiyo maana toleo lililoanza kutumika Marekani mwaka 2023 huangalia jinsia, sodiamu na albumini pia.

Pweto hakuna maini ya kugawa; faida ya hesabu huko ni kupima tena baada ya siku mbili tatu, kumtambua anayedidimia angali na nguvu za kustahimili barabara, na kumwambia kweli, kwa upole, yule ambaye safari itamtaabisha bure, ili fedha za nauli zimfae kwa dawa za kupunguza maumivu, naye auguzwe na watu wake.