Ngozi ya taa, ngozi ya alumini

Anayesugua taa za gari lake kwa dawa ya meno hajadanganywa. Dawa ile ina unga laini unaokwangua, na ule utando wa manjano hutoka kweli. Taa hung'ara, roho ya mwenye gari ikatulia. Baada ya miezi michache ukungu hurudi, tena mzito kuliko wa kwanza. Pita mtaa wa Kuze hapa Mombasa jioni, uangalie Probox na Vitz zilizobanana kandokando ya kuta: utakuta bodi imepigwa rangi juzijuzi na taa zimepauka.

Kinachoitwa kioo cha taa siku hizi ni plastiki, polikaboneti, aliyoitengeneza Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer huko Ujerumani mwaka 1953. Marekani iliiruhusu kwenye taa za magari mwaka 1983, na nchi nyingine zikafuata. Taa za kioo chenyewe tumeyaachia magari ya zamani kama Peugeot 504. Polikaboneti haipasuki ovyo kwa changarawe, lakini haiwezi jua. Mionzi ya urujuanimno huila na kuigeuza manjano. Ndiyo maana kiwandani huvikwa ngozi: tabaka gumu la mikroni chache tu, lenye dawa ya kuizuia mionzi hiyo.

Kisiwa cha Mombasa kiko kama digrii 4 kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba, jua la adhuhuri husimama utosini. Tena magari yetu mengi hushushwa bandarini Kilindini yakiwa yameshapigwa na jua la Japani miaka kadhaa, kwani Kenya inaruhusu gari la mtumba lisilozidi miaka 8. Ngozi huwa imeshachoka kabla gari halijapata namba. Na hasara si ya sura tu: chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima mwaka 2018 kikakuta taa zilizofifia zaweza kutoa kama asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya.

Kabla hujatoa pesa, mwagia taa maji safi. Ikionekana angavu ingali mbichi, ugonjwa uko juu na utatibika. Ikibaki na ukungu vilevile, uchafu uko ndani, au ile rangi ya fedha inayorudisha mwanga imeungua, na hakuna msasa wa kuufikia. Tafuta taa nyingine.

Kazi yenyewe ni ya msasa wa maji. Zungushia rangi ya bodi tepu, kisha anza na namba 800, uende 1500, 2000, hata 3000, kila namba ukikata njia ya iliyotangulia mpaka mikwaruzo yake iishe. Tazama maji yanayochuruzika: mwanzo huwa ya manjano, hiyo ndiyo ngozi ya zamani inayotoka. Yakigeuka meupe kama tui, umefika kwenye plastiki yenyewe. Polishi humalizia mng'aro.

Hapo ndipo wengi hulipwa wakaondoka, na hapo ndipo ninapogombana nao. Taa imeachwa uchi. Plastiki haioti ngozi nyingine. Lazima uivike wewe, kwa klia (rangi angavu ya kumalizia) ya kuchanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha), ya aina yenye kinga ya jua. Ifute kwanza kwa alkoholi ya isopropili. Thina na petroli ziweke mbali, huipasua polikaboneti nyufa ndogondogo zisizofutika. Usipulize alfajiri wakati unyevu umetanda, klia itatoka na weupe. Na vaa barakoa ya kupigia rangi yenye chujio. Hadina ile huumiza mapafu, na kitambaa puani hakisaidii kitu.

Alumini ya injini, yaani kava ya tapeti, manifoldi, au ubavu wa injini ya bodaboda, mambo yake ni kinyume. Ukiisugua, ngozi yake ya oksaidi hutoka na nyingine huota papo hapo, nyembamba isiyoonekana. Adui wake hapa kisiwani ni chumvi ya upepo wa bahari. Huitoboa ngozi hiyo nukta kwa nukta, ukaona vumbi jeupe, na chini yake vishimo.

Watu wa Mji wa Kale wanajua kusafisha shaba kwa ndimu, ukwaju na jivu, na wapo wanaojaribu hayohayo kwenye injini. Wasijaribu. Ngozi ya alumini huyeyuka kwenye asidi kali na kwenye magadi pia. Jivu ni magadi, na sabuni za kuondolea mafuta aghalabu zina soda. Lakini kosa kubwa kuliko yote ni maji ya kisima. Maji ya bomba yakikatika, gari huoshwa kwa maji ya visima vya kisiwa, ambavyo vingi vina chumvi, kisha huachwa likauke lenyewe. Maji hupaa, chumvi hubaki. Kama huna budi kuyatumia, malizia na ndoo moja ya maji matamu na ukaushe kwa kitambaa, hasa kwenye vichwa vya bolti: chuma na alumini vikikutana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa.

Watu hutaka kuipulizia alumini klia kama ya taa. Kwa pwani sishauri. Klia ikipata tundu dogo, unyevu hupenya na kutu nyeupe hutambaa chini yake kama nyuzi, hapo itabidi ukwangue yote uanze upya. Afadhali nta, ipakwe mara kwa mara. Ila nta ya karnauba huyeyuka kwenye nyuzi 80 na kitu, na injini iliyopata moto hupita hapo, kwa hiyo itunze kwa sehemu zilizo mbali na eksozi. Karibu na eksozi, polishi na kitambaa kikavu vinatosha.

Kromu nayo si alumini: usiisugue kwa polishi ya kukwangua. Ni utando mwembamba juu ya nikeli, na ukishaona madoa mekundu, kutu imetoka kwenye chuma cha chini. Kinachobaki ni kuipeleka ikachovywe upya.