Bibo Linalooza Chini ya Mkorosho

Mwezi wa kumi ukiingia, harufu ndiyo inayokupokea Newala kabla hujaiona nyumba ya kwanza. Ni harufu tamu, nzito, yenye uchachu ndani yake: mabibo yaliyodondoka usiku yameanza kuchacha jua lilipopanda. Aliyekulia kwenye mikorosho anaijua tangu utotoni. Mgeni huuliza ni nini kinachooza. Kinachooza ni chakula, na leo nimeamua kukisemea.

Bibi yangu alikuwa na shamba upande wa Kitangari. Siku za msimu alituamsha alfajiri, kila mjukuu na ndoo yake. Korosho haichumwi kama embe. Huachwa ikomae na kudondoka yenyewe pamoja na bibo lake, ndiyo maana chini ya miti hufyekwa na kufagiliwa mapema, pakawa peupe kama uani. Unaokota bibo kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili unaishika korosho inayoning'inia kwenye kitako chake, unaizungusha mara moja, inakatika. Korosho inaingia ndooni. Bibo, likiwa la usiku huo na halijapasuka, linaingia mdomoni. Maji yalitutiririka hadi viwikoni, na shati likiingia doa la bibo, sabuni zote zilishindwa.

"Okoteni la leo, wajukuu zangu," bibi alikuwa akisema, "la jana limeshakufa."

Hatukuweza kuyala yote. Yaliyobaki tuliyatupa kwenye rundo pembeni mwa shamba, na kufikia saa nne rundo lilikuwa limefunikwa na nzi. Kesho yake tulitupa mengine.

Bibo moja huwa na uzito wa mara tano hadi kumi ya korosho yake. Msimu wa 2017/18 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 300,000 za korosho ghafi. Chukua kipimo cha chini, mara tano, unapata tani milioni moja na nusu za matunda katika msimu mmoja. Sehemu kubwa ilirudi udongoni bila kuonjwa na mtu. Mikoa hii ya korosho ndiyo ambako mama hununua machungwa yaliyoletwa na lori kutoka mbali ili watoto wapate vitamini C, wakati bibo lina vitamini hiyo mara kadhaa kuliko chungwa.

Mti wenyewe si wa kwetu kwa asili. Ulitoka kaskazini mashariki mwa Brazil, ukaletwa na Wareno karne ya 16, na Wareno hao hao waliupeleka Goa nchini India. Brazil, tunda lina heshima yake: juisi ya bibo huuzwa madukani mwaka mzima, na jimbo la Piauí linajivunia cajuína, kinywaji kisicho na kilevi, kilichochujwa kikawa safi na cha rangi ya dhahabu. Goa hutengeneza feni, pombe kali ya mabibo ambayo tangu 2009 jina lake linalindwa kisheria kama mali ya eneo hilo. Sisi tulipokea mti ule ule. Biashara iliyotufikia ikatufundisha kutazama korosho peke yake, tena korosho yenye ganda lake, inayopakiwa kwenye magunia na kwenda kubanguliwa India na Vietnam.

Sidharau kazi iliyofanyika kwenye korosho. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna zaidi ya tani 140,000. Baadaye watu wakahamishiwa vijijini, mbali na miti yao, bei zikawa duni, ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia maua, na katikati ya miaka ya 1980 mavuno yakashuka chini ya tani 20,000. Watafiti wa Naliendele, Mtwara, ndio waliosaidia kulirudisha zao hili, kwa matumizi ya salfa na miche bora ya kubebesha. Lakini hata ushindi huo tumeupima kwa kilo za korosho tu.

Watu wanaolikataa bibo wana hoja mbili, na zote ni za kweli. Ya kwanza ni ukakasi, ule unaokamata ulimi na koo. Dawa yake haihitaji kiwanda. Juisi mbichi ikichanganywa na uji mwepesi wa wanga wa muhogo au maji mazito ya wali, ikaachwa itulie, ukakasi hushikana na wanga na kuzama chini. Juu unabaki na juisi nyepesi, tamu, ambayo unaichuja na kuichemsha. Bila shaka mabibo yaoshwe vizuri kwanza, maana miti hupulizwa dawa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: bibo halikai. Likishadondoka lina siku moja. Dar es Salaam ina kata iitwayo Mabibo, na nimekutana na wakazi wake ambao hawajawahi kulionja bibo lenyewe, kwa sababu haliwezi safari. Kwa hiyo kiwanda kikubwa cha mjini hakitalisaidia. Kinachotakiwa ni kikamulio, masufuria na chupa safi kijijini, umbali wa baiskeli kutoka shambani. Wala hakuna haja ya kusubiri lidondoke. Korosho hufikia ukubwa wake kabla bibo halijavimba, kwa hiyo bibo likishajaa na kuiva vizuri mtini, linaweza kuchumwa kwa mkono bila kuipunja korosho. Naliendele wenyewe wameshaonyesha jinsi ya kutengeneza juisi, jamu na mvinyo. Ujuzi upo.

Kuna jambo lingine ninalolifikiria kila msimu, nalo linahusu fedha. Mkulima wa korosho hupata shida kubwa kabla ya malipo. Mzigo unapelekwa chama cha msingi, unasubiri mnada, kisha unasubiri fedha. Katika kungoja huko mtoto anaumwa, unga unaisha, na mnunuzi wa kangomba, yaani ununuzi wa magendo, anabisha hodi na kibakuli chake, akinunua kwa bei ya kuumiza korosho ambayo wakati mwingine bado iko mtini. Tumewakamata watu wa kangomba, tumewahutubia wakulima, na kangomba bado ipo, kwa sababu njaa ya Septemba na Oktoba bado ipo.

Sasa tazama: bibo linaiva siku ile ile na korosho. Fedha yake ingeingia jioni hiyo hiyo, bila mnada. Kina mama wanaokamua uraka, pombe ya mabibo, wanalijua hili siku nyingi. Uraka umenunua madaftari na chumvi katika nyumba nyingi za Kusini. Tatizo ni kwamba uraka unaishia kwenye kibuyu cha jirani, na ukivushwa kuwa gongo unamwingiza mama mikononi mwa polisi. Mama huyo ndiye mtaalamu wetu wa bibo. Anajua lipi limeiva, lipi limechacha, na namna ya kulikamua. Yeye ndiye angestahili kikamulio cha kwanza.

Kwa viongozi wa vyama vya msingi vya Newala, Tandahimba na Masasi ninaomba jambo moja. Mizani mnayo, orodha ya wakulima mnayo, na fedha za makato ya msimu mnazo. Mkutano mkuu ujao uamue kuchagua kijiji kimoja, kikundi kimoja cha kina mama na kikamulio kimoja, na mwezi wa kumi mwanze kununua mabibo ya asubuhi kwa kilo.